Baridi ya Kila Usiku: Vyura, Vinyonga na Pimbi wa Mlima Kenya

Jumatatu: kutoka Nanyuki hadi Old Moses

Lango la Sirimon liko upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, kwenye mwinuko wa mita 2,650 hivi kutoka usawa wa bahari, na gari kutoka Nanyuki lilitushusha hapo kabla ya adhuhuri. Tulikuwa watatu: mimi niliyetoka Mombasa, rafiki yangu anayefundisha biolojia Meru, na kiongozi wetu, mtu wa makamo aliyekulia chini ya mlima huu, ambaye sote tulimwita Mzee. Kilele hakikuwa shabaha yetu kuu. Tulitaka kutazama kwa utulivu jinsi wanyama wanaoishi juu ya msitu wanavyopambana na baridi, hasa wale ambao miili yao haina uwezo wa kujitengenezea joto la kutosha, yaani vyura, mijusi, vinyonga na wadudu.

Tulichagua mwezi wa Februari kwa sababu huo ni wakati wa kiangazi, anga hutakata usiku, na joto lote ambalo ardhi imelikusanya mchana huruka na kupotea angani bila wingu la kulizuia. Baridi ya mlimani haifuati mvua wala upepo peke yake. Usiku wenye nyota nyingi ndio unaouma zaidi. Mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Olov Hedberg, aliyeichunguza milima mirefu ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi, alieleza kwamba huku juu ni majira ya joto kila mchana na majira ya baridi kila usiku. Maneno hayo yanabeba shida nzima ya mnyama wa mlimani. Kwa kuwa mlima uko kwenye ikweta, Januari na Julai hazitofautiani sana kwa joto, lakini saa nane mchana na saa kumi alfajiri hutofautiana mno.

Njia kutoka langoni hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300, hupita kwanza katika msitu wa mierezi na mipodo, kisha miti hupungua kimo na vichaka vya jamii ya erika huchukua nafasi yake. Giza lilipoingia tulimsikia perere, yaani pimbi wa mitini, akilia kutoka msituni tulikotoka, mlio ule mkali unaopanda kwa kukwaruza ambao humshtua kila mgeni. Perere ana manyoya mazito na laini, na katika nyanda za juu za Afrika Mashariki watu wamewahi kuzishona ngozi zake kuwa nguo na mablanketi, jambo linaloonyesha kwamba binadamu wa mlimani alijifunza zamani ni mnyama yupi anayeijua baridi.

Baada ya chakula rafiki yangu alitueleza habari za chura wa misitu ya Amerika Kaskazini, *Rana sylvatica*. Mwaka 1982 mwanabiolojia William Schmid alichapisha ushahidi kwamba baadhi ya vyura wa huko huganda kweli wakabaki hai, na tafiti zilizofuata zimeeleza kwa undani jinsi chura huyu anavyofanya. Majira ya baridi yakikaribia, hujificha chini ya majani makavu, juu kabisa ya udongo. Barafu ikianza kuota kwenye ngozi yake, ini huyeyusha akiba yake na kumimina sukari ya glukosi katika damu, na sukari hiyo husambaa hadi ndani ya seli. Barafu hufanyika nje ya seli, katika nafasi zilizo chini ya ngozi na tumboni, ilhali ndani ya seli mchanganyiko wa sukari huzuia maji yasiondoke yote na seli isisinyae hadi kufa. Takriban theluthi mbili ya maji ya mwili hugeuka barafu, pumzi hukatika na moyo husimama. Katika jimbo la Alaska vyura hawa wamestahimili baridi ya nyuzi 16 na zaidi chini ya sifuri, wakakaa hali hiyo kwa miezi, kisha majira ya joto yakawarudishia uhai.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Sasa huyo wa huko hulala miezi akingoja jua. Huyu wetu akilala, atamngoja nani, na jua lipo kesho asubuhi?" Swali hilo lilituongoza siku zote zilizofuata. Usingizi mrefu humfaa mnyama ambaye baridi yake huja mara moja kwa mwaka. Mnyama wa Mlima Kenya anahitaji kinga anayoweza kuivaa kila jioni na kuivua kila asubuhi, kwa sababu chakula chake na mwenzi wake hupatikana katika zile saa chache za jua, na asipozitumia leo hakuna majira mengine yatakayomfidia.

Jumanne: Old Moses

Siku hii tuliitenga kwa ajili ya kuuzoea mwinuko, nayo ikawa siku ya kinyonga. Saa moja asubuhi Mzee alimwona kwenye kichaka cha erika, mweusi karibu kama tawi lililoungua, ameshika kitawi kwa miguu yote bila kutikisika. Alikuwa *Trioceros schubotzi*, kinyonga mdogo asiye na pembe ambaye makao yake ni mlima huu peke yake. Yule mwenye pembe tatu, *Trioceros jacksonii*, ambaye watu wengi wamemwona katika picha, huishi chini zaidi, kwenye misitu na mashamba ya nyanda za juu. Jua lilipofika kichakani, kinyonga wetu aliubapa mwili wake hadi ukawa mwembamba, akageuza ubavu mmoja ulielekee jua moja kwa moja. Rangi nyeusi hunyonya joto, na ubavu mpana hupata mwanga mwingi kuliko mgongo. Tulisimama kando tukitazama rangi ile ikififia polepole na kugeuka kijani kibichi kadiri mwili wake ulivyopata moto, na baada ya hapo akaanza kutembea.

Watu wengi hudhani kinyonga hubadili rangi ili ajifiche tu, na kwa hiyo hawaoni kazi hii nyingine, ambayo huku juu ni kubwa zaidi. Bila kuweza kuwa mweusi asubuhi, kinyonga wa mwinuko huu angepoteza sehemu nzuri ya mchana akiwa amekakamaa.

Ulimi wake nao una siri. Misuli ya mnyama wa damu baridi hulegea joto linaposhuka, ndiyo maana mjusi aliyepoa hukimbia vibaya. Mwaka 2010 watafiti Christopher Anderson na Stephen Deban walionyesha kwamba ulimi wa kinyonga hurushwa kwa nguvu ya tishu zinazovutwa kwanza polepole na kisha kuachiliwa ghafla, na nguvu ya namna hiyo haipungui sana kwenye baridi. Kuurudisha ulimi kinywani, kazi inayotegemea misuli yenyewe, ndiko kunakopungua kasi. Kinyonga aliyepoa basi anaweza kumnasa nzi kwa wepesi, kisha akamvuta kwa uvivu, naye nzi hana tena pa kwenda.

Kuhusu kuzaa, kinyonga huyu hatagi mayai, na mimi naliona hili kuwa jibu lake bora kuliko yote. Yai lililofukiwa katika udongo wa mita 3,300 lingekaa kwenye ubaridi usiku na mchana, na kijusi kingekua kwa taabu au kufa. Mama anayebeba watoto tumboni huwapeleka juani kila anapojiota, akawarudisha kichakani jioni, na huzaa watoto walio tayari kutembea. Nyoka mdogo wa jamii ya kipiribao anayepatikana kwenye nyika za Mlima Kenya na Aberdare tu, *Montatheris hindii*, naye huzaa watoto hai, na huzunguka mchana jua likiwaka, kisha hujificha ndani ya mafungu ya nyasi ngumu. Viumbe hawa wawili hawana undugu wa karibu, lakini baridi imewafikisha kwenye njia moja. Inasikitisha kwamba vinyonga huuawa katika mashamba mengi ya chini kwa sababu ya hofu za kale, hali mnyama huyu hana sumu wala madhara kwa mtu.

Alasiri tulishuka kwenye kijito kinachopita chini ya kambi kumtafuta chura. Yule wa vijito vya miinuko hii ni *Amietia wittei*, chura wa mtoni mwenye rangi ya kahawia na vidole vya nyuma vilivyounganishwa kwa utando, ambaye huishi pia Aberdare na Mlima Elgon. Tulimwona mmoja kwa kitambo kifupi, akiruka kutoka ukingoni na kupotea chini ya jiwe. Kipimajoto tulichokitumbukiza majini kilisoma nyuzi 8, wakati hewa juu ya nyasi ilikuwa nyuzi 15. Usiku nyasi zile zingefunikwa na jalidi, ilhali maji yangepoa kidogo tu, kwa kuwa hutiririka bila kukoma na huhitaji kupoteza joto jingi kabla ya kuganda. Chura huyu, kwa hiyo, ameikimbia baridi kwa kuingia majini, na hakuna ushahidi kwamba ana sukari ya kumwezesha kuganda kama mwenzake wa Alaska. Anaweza kukaa chini ya jiwe muda mrefu kwa sababu maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko ya vuguvugu, mwili uliopoa huitumia kidogo, na ngozi yake yenye unyevu huivuta oksijeni hiyo bila msaada wa mapafu.

Gharama ya maisha hayo hulipwa na watoto. Viluwiluwi hukua kulingana na joto la maji, na katika maji ya namna hii hukawia sana kabla ya kupata miguu. Kidimbwi cha mvua kinachokauka baada ya wiki kadhaa, ambacho kinawatosha viluwiluwi wa pwani, hapa hakifai kitu. Wanahitaji kijito kisichokauka, na katika vijito visivyokauka vya mlima huu sasa kuna samaki trauti, walioletwa na walowezi wakati wa ukoloni kwa ajili ya uvuvi wa starehe, nao hula viluwiluwi.

Jumatano: kuelekea Shipton's

Tulitembea mchana kutwa. Njia huvuka mto Likii Kaskazini, hupanda ukingo, kisha hushuka kwenye bonde la Mackinder, lililopewa jina la Halford Mackinder aliyekifikia kilele cha Batian mwaka 1899. Bondeni tuliona vifusi vya udongo mweusi kila baada ya hatua chache, kazi ya fuko. Mnyama huyu hafanyi jambo lolote la ajabu mwilini mwake; huchimba tu. Kina cha mkono mmoja chini ya ardhi joto la mchana na la usiku karibu hulingana, na fuko huongezea kiota cha nyasi kavu. Nsya mmoja, yule paa mdogo, alisimama kando ya njia akatutazama bila woga, mbali sana na vichaka ambavyo mtu angetarajia kumkuta. Tulifika kambi ya Shipton's, mita 4,200, vichwa vikituuma, tukalala mapema.

Alhamisi: Shipton's

Kipimajoto tulichokiacha nje kilikuwa kimeshuka hadi nyuzi 5 chini ya sifuri. Udongo wa njiani ulikuwa umeinuliwa na sindano za barafu, ambazo huota kutoka ardhini kila usiku, zikayeyuka asubuhi na kuuacha udongo umelegea. Mche mchanga hung'olewa mizizi hivi hivi, na mdudu anayelala juu ya ardhi tupu huvurugwa makao yake kila kukicha. Hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hutiririka usiku kutoka miteremkoni na kutuama chini ya bonde, hivyo sakafu ya bonde huwa na baridi kali kuliko miamba iliyo juu yake kidogo. Pimbi wamelifahamu hilo, kwani mapango yao yako kwenye miamba.

Jua lilipogusa miamba hiyo walitoka mmoja mmoja, wakajilaza juu ya mawe, tumbo chini, wakisongamana. Pimbi wa hapa ni wanene na manyoya yao ni marefu kuliko ya wenzao wa nyika za chini. Ni mamalia, lakini ni mamalia asiyemudu vizuri kulishikilia joto la mwili. Joto lake hupanda na kushuka kuliko la wanyama wengi wa ukubwa wake. Udhaifu huo ameugeuza kuwa uwekevu: chakula chake cha nyasi na majani hakina nguvu nyingi, na badala ya kukichoma chote usiku ili apate joto, hulala na wenzake wakiwa wamerundikana ndani ya ufa wa mwamba, hupoa kiasi, kisha asubuhi jua humpasha bila gharama. Mimba yake huchukua takriban miezi saba, muda mrefu mno kwa mnyama mdogo hivi, na mtoto huzaliwa akiwa na manyoya na macho yaliyofunguka, tayari kujiunga na rundo. Kila alipopita ndege mkubwa wa mawindo, mmoja alipiga kelele na wote wakatoweka. Usiku adui yao ni bundi mkubwa wa mlimani, ambaye huwawinda pimbi na fuko pia.

Baada ya pimbi tulikwenda kwenye lobelia. Aina moja, *Lobelia keniensis*, ina majani yaliyojipanga kwa duara na kushika maji katikati. Asubuhi ile uso wa maji ulikuwa barafu ngumu. Rafiki yangu aliigonga kwa kidole, na chini yake maji yalikuwa bado maji. Mmea huyaongezea maji hayo ute unaopunguza mvuke, na barafu ya juu hukinga kichipukizi kilichozama chini. Mabuu ya usubi huishi humo humo, katika dimbwi hilo dogo lisiloganda hadi chini. Aina nyingine, *Lobelia telekii*, hubeba majimaji ndani ya shina lake la maua, na mwaka 1979 watafiti kutoka Norway walieleza kwamba majimaji hayo yana kitu kinachoyafanya yaanze kuganda mara tu baridi inapopita kidogo sifuri. Hilo laweza kuonekana kuwa hasara, lakini maji yanapoganda hutoa joto, na joto hilo huzuia sehemu za ndani zisishuke zaidi usiku kucha. Chozi mwenye mkia mrefu, *Nectarinia johnstoni*, alikuwa akirukaruka kati ya maua hayo akinyonya asali na kukamata wadudu. Ndege hawa wa milimani hushusha joto la mwili usiku ili wasimalize nguvu waliyoikusanya mchana.

Jibu la swali la Mzee tulilipata ndani ya majani makavu ya senesio wakubwa, mimea ya mlimani yenye shina nene, yanayobaki yakining'inia kuzunguka shina kama koti. Tuliyafunua machache kwa uangalifu, tukawakuta mbawakavu wadogo wa jamii ya fukusi, wasiotikisika. Watafiti Lauritz Sømme na Karl Erik Zachariassen waliowachunguza wadudu wa mlima huu walichapisha mwaka 1981 kwamba kadhaa miongoni mwao wanastahimili kuganda. Damu yao ina protini zinazoianzisha barafu mapema, baridi ikiwa bado ndogo. Barafu inayoanza mapema huota polepole na hubaki nje ya seli. Inayochelewa huja kwa kishindo na kupasua kila kitu. Mdudu huyu basi huganda usiku na kuyeyuka asubuhi, akala, akatafuta mwenzi, akaganda tena. Wadudu wengine wa mlima huu huu hufanya kinyume, yaani huzuia barafu isianze kabisa na miili yao hubaki maji hata chini ya sifuri, lakini hao huhatarisha maisha yao ikiwa kipande kimoja cha barafu kitawagusa kutoka nje.

Tulimwacha fukusi mmoja juu ya jiwe lenye jua tukamtazama. Kwanza zilijongea antena, kisha mguu mmoja, na baada ya muda akatambaa hadi ukingo wa jiwe. Mzee alicheka kwa furaha, akasema miaka yote hii amekuwa akiyapita majani hayo bila kujua kuna nani ndani. Tulimrudisha mdudu mahali pake na majani yake yakafunikwa.

Ijumaa: Lenana na kushuka upande wa Chogoria

Tuliondoka saa tisa usiku na kufika kilele cha Lenana, mita 4,985, jua likichomoza. Chini yetu barafuto ya Lewis ilionekana vipande vya kijivu. Mzee alionyesha kwa fimbo mahali ilipokuwa ukingo wake alipokuwa kijana, mbali kabisa na ilipo sasa. Kupungua kwa baridi hakuwi faraja kwa mnyama aliyejengwa kwa ajili ya baridi. Joto likipanda, wa chini humfuata juu na kumnyang'anya malisho, naye husogea juu zaidi, na mlima una mwisho. Kinyonga *Trioceros schubotzi*, ambaye hana mlima mwingine, ndiye niliyemfikiria zaidi tukishuka kuelekea ziwa Michaelson.

Jumamosi: Chogoria

Tulifika karibu na lango la Chogoria alasiri, mita 2,950 hivi, pale mianzi na msitu vinapokutana na nyika. Kwenye bwawa la maji ya matope kando ya njia vyura walianza kuita jua lilipozama, wengi kwa pamoja, aina zaidi ya moja. Tulikaa ukingoni na kipimajoto. Wito ulikuwa wa nguvu hewa ikiwa nyuzi 12. Ilipofika 9 vipindi vya ukimya vilirefuka, na ilipofika 7 tulibaki kumsikia mmoja tu, kisha naye akanyamaza. Kuita ni kazi ya misuli, na dume huyu mdogo ana saa mbili au tatu za jioni kabla baridi haijamnyang'anya sauti.

Tulikuwa tumepita usiku mara mbili kwenye mita 4,200 bila kusikia chura hata mmoja, na pale bwawani sababu zilijipanga zenyewe. Fukusi anaweza kuishi kule kwa sababu mwili wake wote, pamoja na watoto wake, unakubali kuganda au unapata kinga ya majani. Pimbi ana wenzake na mwamba. Chura angeweza labda kujificha mwenyewe chini ya maji ya kijito, lakini wito wake ungekatika mara tu jua linapotua, mayai yake yangekaa kwenye maji yanayokaribia kuganda, na viluwiluwi wake wasingemaliza kukua. Rafiki yangu aliandika katika daftari lake viwango vya joto ambavyo vyura walinyamaza, aina kwa aina kadiri alivyoweza kuzitofautisha kwa sauti, akisema wanafunzi wake wa Meru wataurudia upimaji huo kwenye mabwawa ya chini, ambako jioni haina baridi kali, walinganishe saa za kunyamaza.